Nani Kalirudisha Jeneza?

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, mgongo mzima, meno yote yapo, lakini kazi nimeiacha rasmi Jumamosi iliyopita kwa sababu ya mitihani, na kwa sababu mama kasema nikifeli kemia nitahamia humo humo kwenye jeneza nililokuwa nikililinda. Kwa hiyo nyinyi wawili mnaochukua zamu yangu, ambao Bibi yangu kawaandikisheni bila hata kuwauliza, someni hapa. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Watu wa kanisa hawatajua nimesema nini juu yao, na nyinyi, ambao mkisemeshwa Kiswahili mnajibu Kiingereza, mtataabika kidogo.

Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikupata hata kimoja. Mshahara ulikuwa biskuti.

Kanisa liko mwisho kabisa wa London. Kutoka Ilford unapanda treni, halafu basi, halafu basi jengine ambalo dereva wake hukutazama kama mtu aliyepotea. Ukiona farasi, umefika. Ndani, upande wa kushoto, chini ya dirisha, liko jeneza la jiwe. Limechongwa kutoka bonge moja: pana mabegani, jembamba miguuni, na kichwani pana duara la kutosha kichwa cha mtu mmoja asiyependa kujigeuza. Chini kuna kitundu. Wageni watawauliza kitundu cha nini. Jibu lipo, ila msilitoe mbele ya mtu anayekula sandwichi. Jeneza ni la zama za kale sana, kabla hata viazi havijafika Uingereza. Kifuniko hakipo. Mtu hayupo.

Huyo mtu asiyekuwepo ndiye aliyemkosesha raha Bi Joan, mwenye funguo za kanisa na mwalimu wangu wa kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na kitu, nyumba yake imeshauzwa, anasubiri kuhamia kaskazini kwa binti yake. Na kitu kimoja tu alikitaka kabla ya kuondoka: ajue mwenye jeneza alikwenda wapi. Lakini hayo mie niliyajua baadaye. Siku ya kwanza sikujua chochote, na nilikuwa nikijivunia.

Skuli yetu ilitaka kila mwanafunzi ajitolee mahali. Waliowahi walichagua duka la nguo kuukuu. Waliofuata wakachukua nyumba ya wazee. Mie nilichelewa, nikakuta limebaki kanisa. Nikamwambia mwalimu, "Mimi Mwislamu." Akasema, "Vizuri, basi hutasinzia kwenye mahubiri, maana Jumamosi hayapo." Nyumbani, Bibi aliposikia aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Kanisani? Unakwenda kufanya nini?"

"Kulinda jeneza, Bibi."

"La nani?"

"Hajulikani."

Akafikiri. "Basi linda. Maiti hagombani na mtu. Lakini ukianza kuimba nitakusikia mpaka hapa."

Asubuhi ile ya kwanza Bi Joan alinikabidhi brashi, akaenda mlangoni kumpokea mama mmoja aliyeleta maua. Mie nikatazama jeneza. Nikatazama mlango. Nikalala ndani. Sauti zao zilipokaribia nikainuka polepole kama mkate unaoumuka, nikasema, "Karibuni." Mama wa maua aliyatupa maua akatoka, na kwa ninavyojua yuko nje mpaka leo. Bi Joan hakupiga kelele. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la kijani lina mifuko mingi kama la fundi umeme, na alinitazama vile daktari wa meno anavyotazama jino.

"Baridi?" akauliza.

"Sana."

"Kichwa kimeenea?"

"Kinabana."

"Vizuri. Sasa umejua vitu viwili ambavyo wageni hawavijui. Toka upige brashi. Umeacha mba."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa vifaa. Brashi ni ile ya manyoya laini, ya kupakia povu la ndevu. Unapiga kutoka kichwani kwenda miguuni, usirudi nyuma. Maji hapana. Sabuni hapana kabisa, jiwe hili linakunywa kila kitu na halisahau. Chingamu inabanduliwa kwa kijiti cha mbao, si kwa kucha na si kwa ufunguo, na msiniulize nimejuaje habari ya ufunguo. Tochi msiimulike kutoka juu. Iwekeni ubavuni, mwanga upite ukitambaa juu ya jiwe, hapo ndipo alama za tindo zinapojitokeza mstari kwa mstari, utafikiri fundi kaondoka jana. Mabegani alama ni ndefu na pana. "Hapa alikuwa na haraka," Bi Joan alinionyesha. "Hapa alikwenda kula, akarudi mkono mzito." Halafu akasogeza tochi kwenye duara la kichwa. Alama zilikuwa ndogo ndogo, zimebanana.

"Na hapa?"

"Hapa alifanya polepole."

"Kwa nini? Si kichwa kitafunika, nani ataona?"

"Ndiyo," akasema Bi Joan, akazima tochi. Kwa muda mrefu nilidhani hakunisikia.

Kesi ngumu zilikuwepo. Alikuja mpiga picha wa harusi, akataka tujaze barafu mle ndani tuweke chupa za vinywaji, "itapendeza sana kwenye picha." Bi Joan alimwuliza kwa upole kama yeye siku ya kufa kwake angependa kupambwa kwa chupa. Akaja mtoto aliyejilaza akakwama kiuno, mama yake analia kuliko yeye. Mkimpata kama huyo msimvute. Mwambieni apige hadithi. Mtoto akisimulia anasahau kujikaza, na asipojikaza anatoka mwenyewe. Huyu wetu alisimulia mchezo mzima wa kompyuta, ngazi zote, na tulipomwambia keshatoka alitaka kurudi ndani amalizie.

Lakini kesi ngumu kuliko zote niliitengeneza mie.

Kila Jumamosi tukishafunga mlango saa tisa, Bi Joan alikuwa akivaa mabuti, anachukua sepeto ndogo ya bustani na fimbo ya chuma, anaingia kwenye uwanja wa farasi unaopakana na kanisa. Mwenye farasi alimruhusu, mradi afukie mashimo yake. Anapiga hatua, anachoma fimbo, anasikiliza, anachimba kidogo, anafukia. Mie nashika ndoo. Nilipomwuliza anatafuta nini, alisema, "Mwenyewe." Nikajua ni mwenye jeneza. Nikaona ni uzee tu, ni mchezo wake, na mchezo ni wa watu wawili.

Basi Jumamosi moja nikaja na mfupa wa paja la kuku kutoka mkahawa mmoja wa Ilford. Nimeuchemsha, nimeulaza usiku kucha kwenye majani ya chai mpaka ukapata rangi ya ukale. Kazi safi. Nikauzika mbele kidogo ya alipofika, nikauchimbua, nikaita, "Bi Joan! Nimempata!"

Alikuja mbio. Mwanamke ambaye magoti yake yalinung'unika kwenye kila ngazi, alikuja mbio juu ya samadi ya farasi. Akapiga magoti. Akauchukua kwa mikono miwili, akavua kitambaa chake cha shingo akaanza kuufuta. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Nilikuwa nimetayarisha mzaha wa kumalizia. Haukutoka.

"Ni kuku," nikasema.

Akaendelea kuufuta kidogo, kama mikono yake haijapata habari.

"Kuku," akasema.

"Ndiyo. Na chipsi."

Sijui kwa nini niliongeza chipsi. Akainuka kwa kujishikiza begani kwangu. Angenipiga kofi ningepumzika, lakini alijishikiza. Akaondoka bila kufunga geti. Nikalifunga mie, nikafukia shimo, nikapanda basi, nikapanda basi jengine, na safari nzima nilikuwa nasikia harufu ya majani ya chai mikononi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikijua nitafukuzwa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi karibu na jeneza, vikombe viwili vya chai mbele yake. Nikasema samahani. Akasema, "Kaa. Sikukwambia, ndiyo maana ulicheza."

Akanieleza. Baba yake aliitwa Walter, dereva wa trekta kwenye shamba lililokuwa hapo nyuma. Jeneza wakati huo halikuwa kanisani. Zamani sana lilitolewa, hakuna ajuaye na nani, likatupwa pembeni mwa shamba, limejaa udongo na majani ya kuwasha. Shamba lilipouzwa, Walter akasema kile ni kitu cha kanisa na kitarudi kanisani, akalifunga kwa minyororo akalivuta kwa trekta siku ya mvua. Joan alikuwa na miaka kumi, kaachiwa apande mbele na baba yake. Katikati ya uwanja trekta ikazama kwenye matope. Walter akashuka, akalilaza jeneza ubavu kupunguza uzito, udongo wote ukamwagika. Na kwenye udongo, Joan akaona vitu vyeupe.

"Mifupa?" nikauliza.

"Vitu vyeupe. Labda mifupa. Labda mawe. Baba aliviona pia. Alisimama kidogo, halafu akavifunika kwa mabuti yake, akapanda trekta. Hakusema kitu. Nami sikuuliza." Akazungusha kikombe. "Lakini nilikwenda kusema skuli. Watoto wakampa jina, Walter Mmwaga Maiti. Akaishi nalo mpaka alipokufa. Mimi ndiye niliyelianzisha, na hata mimi niliamini. Niliamini kuwa baba yangu alimtupa mtu."

Akaniambia zimebaki Jumamosi sita, halafu gari la kuhamisha vyombo linakuja. Akimpata huyo mtu atamrudisha mahali pake, na ataondoka baba yake akiwa hana deni na mtu yeyote.

Basi tukachimba kikweli. Sikushika ndoo tena, nilishika sepeto. Tukapata chuma cha kwato, kijiko, kifuniko cha kopo la tumbaku, na mawe meupe mengi tu, kila moja akiligeuza mara mbili mbili. Jumamosi ya tatu ikapita. Bi Joan hakuwa akitania tena. Akawa anachimba hata mvua ikinyesha, nami namshikia mwavuli huku nachimba kwa mkono mmoja.

Nyumbani Bibi akaanza kunitazama suruali.

"Kanisa gani hilo linalolimwa?"

"Ni kazi tu, Bibi."

"Una mwanamke."

"Nina mwanamke wa miaka themanini, Bibi."

"Nitakuja kumwona."

Akaja kweli, Jumamosi ya nne, na bati la vitumbua mapajani treni nzima. Bibi yangu kazaliwa Unguja, kakulia nyumba inayotazamana na msikiti, na Kiingereza chake ni cha duka la dawa: asante, baridi sana, hizi si zile za mwezi uliopita. Mlangoni mwa kanisa akapiga hodi, akasema bismillahi, akaingia kwa mguu wa kulia. Akatazama dari. Akapitisha kidole juu ya benchi, akakikagua. "Pasafi," akasema. "Nimeshalazwa hospitali chafu kuliko hapa."

Wakasalimiana na Bi Joan kwa kushikana mikono muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyeniomba nitafsiri. Kisha Bibi akaliona jeneza.

"Ndiyo hili?"

"Ndilo, Bibi. Jeneza la jiwe."

Akalizunguka. Akachungulia ndani. "Ala! Na nani kalirudisha?"

"Anasema nini?" Bi Joan akauliza.

Nikatafsiri kama ilivyo: anauliza nani alilirudisha. Bi Joan akageuka rangi. Akanitazama mie, si Bibi.

"Umemwambia."

"Wallahi sijamwambia chochote!"

"Basi kajuaje?"

Nikamgeukia Bibi. "Bibi, umejuaje kuwa lilirudishwa?"

"Mtoto huyu!" Bibi akanishangaa. "Si tupu? Jeneza tupu ni jeneza lililorudi. Ama kwenu huku majeneza hayarudi?"

Hapo ndipo nilipojijua kuwa mie ni mjinga mwenye lugha mbili. Miaka miwili nikiliita jeneza, nikiwaambia wageni kwa Kiingereza neno lao, na sikuwahi kuona kuwa ni vitu viwili. Jeneza lao linazikwa na mtu. Jeneza letu ni kitanda cha msikiti, la watu wote. Linakupeleka makaburini, unatolewa na sanda yako unalazwa kwenye mwanandani wako ndani ya kaburi, udongo unafukiwa, na lenyewe linarudi msikitini kumngoja mwengine. Kwao jeneza tupu ni msiba juu ya msiba. Kwa Bibi jeneza tupu ni kazi iliyokwisha salama.

Nikamweleza Bi Joan hayo yote, na safari hii sikutia mzaha. Akakaa kwenye benchi.

"Mwulize," akasema, "anayelirudisha huwa ni nani."

Bibi akakaa pembeni yake. "Yeyote. Lakini si mvivu. Wakati wa kwenda mtaa mzima unagombania bega, kila mtu anataka thawabu. Wakati wa kurudi kila mtu kakumbuka ana shughuli. Anabaki mmoja, na jeneza tupu, na jua. Sisi watoto tulikuwa tukimwona anakuja tunamkimbilia na maji. Kwa sababu huyo ndiye aliyebaki mpaka mwisho." Akaligonga jiwe kwa kidole. "Sasa hili kalirudisha mtu mmoja? Huyo alikuwa mwanamme."

Nikatafsiri. Bi Joan akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa na trekta."

"Alikuwa na trekta, Bibi."

"Hata kama."

Kisha Bi Joan mwenyewe akamwambia. Mvua, matope, vitu vyeupe, mabuti ya baba yake. Mie nilikuwa katikati nikibeba maneno kutoka upande huu kwenda upande ule. Alipofika pale, Bi Joan alisema neno la Kiingereza ambalo ni kufunika, kufunika kwa mtu anayeficha. Mie nilikuwa nimechoka, nimetawaliwa na mambo ya makaburi, likanitoka jengine. Nikasema, "Akamfukia."

"Kwa kitu gani?" Bibi akauliza.

"Akamfukia kwa mabuti yake, Bibi."

"Namsikia. Kamfukia. Mvua inanyesha, hana jembe, kamfukia kwa miguu. Sasa kosa liko wapi?" Akamgeukia Bi Joan akamsemesha moja kwa moja, polepole, kwa sauti ya juu, kama Kiswahili kikipigiwa kelele kinaeleweka. "Mama! Baba yako kamzika mtu, kisha karudisha jeneza. Tena peke yake. Unamtafuta wa nini? Mwache alale!"

Mpaka leo sijui kama nilitafsiri vibaya au vizuri. Nilijua neno si lile. Ningeweza kulirudisha. Sikulirudisha. Nikampa Bi Joan maneno ya Bibi kama yalivyotoka.

Akavua miwani. Akakaa nayo mkononi, hafuti, hafanyi kitu. Nje farasi alikuwa anakohoa.

"Siku ile," akasema, "alifika nyumbani kaloa mpaka mwilini. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na mabuti yake. Nikampita sikumsemesha. Nilifikiri ana haya." Akaikunja miwani. "Pengine alikuwa amechoka tu. Na hakuna aliyempa hata kikombe cha chai."

Nikatafsiri. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwambie baba yake alikuwa na mikono. Chai alijitilia."

Nilifikiria kuilainisha ile. Nikaona hapana. Bi Joan alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Hakucheka kidogo kwa adabu kama siku zote. Alicheka akiwa kainama, kashika ukingo wa jeneza, machozi yanamdondoka juu ya jiwe ambalo miaka miwili alinikataza kulipa hata tone la maji. Bibi, ambaye hakuona alichosema kina mzaha gani, akafungua bati la vitumbua akampa cha kwanza.

Jumamosi mbili zilizobaki hatukuingia uwanjani. Tulipiga brashi, tukakunywa chai, akanifundisha mahali mlango unapogoma wakati wa baridi: inueni kwanza, ndipo msukume. Siku ya mwisho akaleta kadi mpya ya maelezo ya jeneza, akaniambia niandike mie kwa sababu mkono wake unatetemeka. Akanisomea, nikaandika: jiwe gani, la zama gani, kitundu cha nini. Mwisho akasema niongeze mstari mmoja, lakini niuandike kwa lugha ya Bibi, kwa kuwa ya kwake haina neno hilo. Nikaandika: *Jeneza hili lilirudishwa na Walter, dereva wa trekta.*

Akaichukua kadi akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akaisoma kwa sauti, kwa matamshi mabaya ajabu, anakanyaga kila silabi kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Jeneza. Hili. Li-li-ru-di-shwa. Akakosea. Akarudia kutoka mwanzo, na safari ya pili akalifikisha mpaka kwenye jina la baba yake.